Dawa inayopangwa kwa kompyuta: Je, itamfikia mkulima wa muhogo?

MKULIMA wa muhogo wa ukanda wa pwani anaijua hasara isiyopiga hodi. Shamba limesimama, majani ni mabichi, mashina yamenyooka na mchuuzi wa mjini amekwishatanguliza sehemu ya fedha. Siku ya kung'oa, kisu kinapopasua mzizi, ndani yanaonekana madoa ya kahawia, makavu na magumu. Muhogo huo haufai kuchemsha, haufai makopa, na mchuuzi aliyetanguliza fedha anadai chake.

Ugonjwa huo unaitwa michirizi ya kahawia, na si mgeni hapa kwetu. Mtafiti H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, aliuandika kitaalamu mwaka 1936. Kwa miaka mingi uliaminika kuwa ni ugonjwa wa maeneo ya chini ya pwani na kandokando ya Ziwa Nyasa. Kuanzia mwaka 2004 ukaonekana Uganda, katika maeneo yaliyo zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na baadaye ukasambaa katika eneo la Maziwa Makuu.

Hadi leo hakuna dawa ya kunyunyiza inayoutibu. Hata hivyo, katika nchi tajiri imeanza kuuzwa dawa ya aina mpya kabisa kwa ajili ya zao jingine. Dawa hiyo haitokani na sumu tunazozizoea madukani. Imetengenezwa kwa RNA, na mahali pa kupiga panachaguliwa kwanza kwenye kompyuta kabla ya majaribio ya maabara na shamba.

Swali la mkulima na la mwenye duka la pembejeo ni moja: je, teknolojia hii inaweza kufika kwenye muhogo, na ikifika itamlipa nani?

RNA ni kitu gani?

Ndani ya kila seli ya kiumbe hai kuna maelekezo ya kazi. Maelekezo ya kudumu yamo kwenye DNA, na tunaweza kuyafananisha na daftari kuu la ghala. RNA ni mfano wa hati ya kutolea mzigo. Inanakiliwa kutoka kwenye daftari kuu, inapelekwa mahali protini zinapotengenezwa, na kazi ikiisha inachanwa.

Virusi vya michirizi ya kahawia havina daftari kuu. Vinaishi kwa RNA tupu, yaani kwa ile hati peke yake. Viko vya aina mbili, ambavyo wataalamu huviita kwa kifupi CBSV na UCBSV, na maelekezo yote ya kirusi kimoja ni uzi wa herufi 9,000 hivi. Herufi zenyewe ni nne tu, A, U, G na C, zinazojirudia kwa mpangilio mbalimbali. Mwaka 2009, kundi la watafiti lililoongozwa na Mtanzania, Deusdedith Mbanzibwa, lilichapisha uzi mzima wa kirusi cha aina hii.

Mwaka 1998 Wamarekani Andrew Fire na Craig Mello walitangaza ugunduzi walioupata kwa kuchunguza minyoo midogo. Seli ikiingiliwa na RNA ya nyuzi mbili zilizoshikana, huikatakata vipande vifupi, kisha huvitumia kama kielelezo cha kusakia RNA yoyote yenye herufi zinazolingana. Ikiipata, inaiharibu. Waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 2006 kwa kazi hiyo.

Mimea nayo ina kinga ya namna hiyo, na vipande vyake ni vya herufi 21 hivi. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la dawa: tengeneza RNA ya nyuzi mbili inayolingana na kirusi au mdudu, mpe mmea au mdudu, kisha iache seli yenyewe ifanye kazi.

Vichujio vitatu

Tufanye hesabu. Uzi wa herufi 9,000 ukiusogelea hatua moja moja, unapata vipande 8,980 vya herufi 21 kila kimoja. Kipi kitafanya kazi? Kuvijaribu vyote shambani haiwezekani. Hii ndiyo kazi ya kompyuta, na inafanana na kupepeta nafaka kwa ungo zaidi ya mmoja.

Kichujio cha kwanza: je, kipande hicho kipo kwenye virusi vyote vya eneo husika? Virusi hubadilika kadiri vinavyozaliana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na kundi la Titus Alicai wa Uganda na wenzake ulionyesha kuwa CBSV hubadilika kwa kasi zaidi kuliko UCBSV. Kipande kilichopimwa kwa kirusi cha wilaya moja kinaweza kisilingane na cha wilaya nyingine.

Kichujio cha pili: je, kipande hicho kipo pia kwa kiumbe tusiyetaka kumdhuru? Herufi nne katika nafasi 21 zinaweza kupangwa kwa namna zaidi ya trilioni nne, kwa hiyo kugongana kwa bahati tu ni nadra. Nadra si kamwe, kwani viumbe wa ukoo mmoja huwa na sehemu zinazofanana. Kompyuta hulinganisha kipande hicho na maelekezo ya muhogo wenyewe, nyuki, wadudu rafiki wa mkulima na binadamu. Kinachogongana hutupwa.

Kichujio cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote: je, kipande hicho kiko wazi, au kimejificha?

Kamba iliyojisokota

Anayesokota kamba ya katani anajua kuwa kamba mpya ukiilegeza hujikunja na kujishika yenyewe. RNA iko hivyo. Herufi A hupenda kushikana na U, na G hushikana na C, na wakati mwingine na U. Uzi wa herufi 9,000 unaoelea ndani ya seli hautulii ukiwa umenyooka. Unajikunja, unajifunga mafundo, na sehemu nyingine zinabaki nje kama vitanzi. Sehemu iliyofungwa ndani ya fundo ni vigumu kufikiwa na kile kielelezo cha kusakia. Dawa inaweza kuwa na herufi sahihi kabisa na bado isifanye kazi ya maana kwa sababu imeelekezwa kwenye fundo.

Wataalamu wa hesabu walianza kulikabili tatizo hili zamani. Mwaka 1978 Ruth Nussinov na wenzake walionyesha njia ya kuipa kompyuta kazi ya kutafuta mkunjo wenye mishikano mingi zaidi. Mwaka 1981 Michael Zuker na Patrick Stiegler wakaiboresha kwa kutafuta mkunjo unaotumia nishati ndogo zaidi, yaani ule ambao uzi ungetulia nao. Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, walitoa programu ya kazi hiyo ambayo hadi leo mtu anaweza kuipata bila malipo kwenye intaneti.

Kazi yenyewe ni nzito. Kwa njia hizo za msingi, urefu wa uzi ukiongezeka maradufu, kazi ya kompyuta inaongezeka mara nane. Ukitoka kwenye uzi wa herufi 900 kwenda wa 9,000, kazi inaongezeka mara 1,000. Kompyuta za leo zinaimudu. Tatizo kubwa ni kwamba jibu linalotoka ni makisio, na kadiri uzi unavyokuwa mrefu ndivyo makisio yanavyozidi kukosea.

Ndiyo maana maabara huongeza vipimo halisi. Mwaka 2005 kundi la Kevin Weeks huko North Carolina, Marekani, lilieleza njia ya kuipaka RNA kemikali inayoshika zaidi kwenye herufi zilizo huru, na kuziruka zile zilizofungwa. Mashine inasoma ni wapi kemikali ilishika, kompyuta inahesabu alama, na ramani ya mafundo na vitanzi inapatikana kwa uhakika zaidi. Kwa njia hiyo, mwaka 2009 ilitolewa ramani ya RNA nzima ya virusi vya UKIMWI, ambayo nayo ina herufi zaidi ya 9,000.

Je, akili bandia haijalimaliza tatizo? Kwa protini imepiga hatua kubwa, na Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2024 ilikwenda huko. Kwa RNA safari bado ni ndefu. Katika mashindano ya kimataifa ya CASP ya mwaka 2022, ambako RNA ilipewa nafasi kwa mara ya kwanza, timu zilizoongoza zilitegemea zaidi ujuzi wa wataalamu kuliko akili bandia. Kwa hiyo mkulima akiambiwa kuwa dawa fulani "imethibitishwa na kompyuta", ajue kuwa kompyuta huchuja tu. Kinachothibitisha ni shamba.

Wapi imefanya kazi?

Mfano ulio wazi uko Marekani. Desemba 2023 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo iliiandikisha dawa iitwayo ledprona, ambayo kampuni ya GreenLight Biosciences inaiuza kwa jina la Calantha. Inamlenga mbawakawa wa viazi wa Colorado. Mdudu huyo akila jani lenye dawa, RNA inanyamazisha maelekezo ya protini moja inayomsaidia kuondoa taka ndani ya seli zake. Anaacha kula, kisha anafa.

Mfano wa pili uko Australia. RNA ikinyunyizwa peke yake juu ya jani haidumu, kwani jua, mvua na vijidudu huimaliza mapema. Neena Mitter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland walichapisha mwaka 2017 njia ya kuibeba RNA juu ya chembechembe ndogo mno za udongo. Kwenye tumbaku, mnyunyizo mmoja uliwapa mimea kinga dhidi ya kirusi kwa siku 20. Mwaka 2022 wakachapisha matokeo ya njia hiyo hiyo dhidi ya inzi weupe kwenye pamba. Habari hii ya inzi weupe inatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa ndio wanaosambaza virusi vya muhogo kutoka shina hadi shina.

Hesabu ya mfukoni

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye ekari moja. Akipanda kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, anahitaji pingili 4,000 hivi. Muhogo unakaa shambani miezi tisa hadi kumi na miwili. Kama kinga kwenye muhogo ingedumu siku 20 kama ilivyokuwa kwenye tumbaku, mwaka mzima ungehitaji minyunyizo 18. Mkulima wa muhogo wa chakula hawezi kunyunyiza mara 18. Hata dawa ikiwa rahisi, gharama ya kibarua na maji peke yake itakula faida yote.

Lakini hesabu inabadilika kwenye shamba mama la mbegu. Shina moja lililokomaa hutoa pingili kumi hivi, kwa hiyo ekari moja ya shamba mama inapandia ekari kumi hivi. Minyunyizo 18 ikigawanywa kwa ekari hizo kumi, ni sawa na chini ya minyunyizo miwili kwa kila ekari ya mteja. Ikumbukwe pia kuwa pingili ndizo zinazousafirisha ugonjwa mbali, kutoka wilaya hadi wilaya, wakati inzi weupe wanausambaza jirani. Anayelinda shamba mama anaziba mlango mkubwa.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo dawa ya RNA inaweza kuwa na maana kwa muhogo: mikononi mwa wajasiriamali wa mbegu wanaokaguliwa na TOSCI, kabla ya kumfikia mkulima mmoja mmoja. Anayefikiria kuweka mtaji katika biashara ya pingili safi aliangalie jambo hili kwa makini.

Nani atasoma virusi vyetu?

Programu za kukunja RNA ni za bure, na kompyuta ya kawaida inatosha kuanzia. Kwa hiyo kinachotuchelewesha ni pengine, nacho ni majani ya muhogo yaliyookotwa mashambani, yakasomwa herufi kwa herufi, mwaka baada ya mwaka. Bila orodha hiyo, kichujio cha kwanza hakina cha kuchuja.

Uwezo wa kuifanya kazi hiyo upo. Kuanzia mwaka 2017, wanasayansi wa Tanzania, Uganda na Kenya, akiwemo Joseph Ndunguru aliyekuwa kituo cha Mikocheni, Dar es Salaam, pamoja na Laura Boykin kutoka Australia, walitumia kifaa kidogo cha mkononi kusoma vinasaba vya virusi vya muhogo. Awali sampuli zilipelekwa nje na majibu kusubiriwa kwa miezi. Baadaye kifaa hicho kilipelekwa hadi shambani, chini ya mti, na mkulima akapata jibu siku hiyo hiyo. Majaribio hayo ya shambani yalihusu virusi vya batobato, ambavyo vyenyewe ni vya DNA, lakini yalionyesha kuwa maabara inaweza kumfuata mkulima.

Tofauti iko kwenye soko. Mbawakawa wa viazi alipata dawa mapema kwa sababu wakulima wa Marekani wananunua dawa za wadudu kila msimu. Mkulima wetu wa muhogo hanunui dawa yoyote, hivyo kampuni haioni mteja. Kampuni ikikosa mteja haigharimii usomaji wa virusi, na usomaji usipokuwepo dawa haitapangwa. Mzunguko huo hauwezi kukatwa na soko peke yake. Utakatwa na fedha za umma kwa utafiti, na kwa wanunuzi wakubwa wa muhogo, kama wenye viwanda vya wanga na unga, kuona kuwa mzizi ulio salama ni malighafi yao.

Si GMO, lakini maswali yapo

Wasomaji wengi watauliza kama hii ni GMO. Ziko njia mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Ya kwanza ni kuuwekea muhogo wenyewe maelekezo ya kutengeneza RNA ya kinga. Muhogo unaoitwa 4046, uliotengenezwa kwa ushirikiano wa KALRO ya Kenya, NARO ya Uganda na kituo cha Donald Danforth cha Marekani, uko hivyo. Umepewa kipande kinacholingana na virusi vyote viwili, na RNA yake hujikunja kama pini ya nywele hadi kuwa ya nyuzi mbili. Mamlaka ya usalama wa viumbe ya Kenya iliupitisha Juni 2021, ingawa suala la GMO nchini humo liliendelea kubishaniwa mahakamani hadi mwaka 2025. Hapa Tanzania, Januari 2021 Serikali ilitangaza kusitisha majaribio ya GMO. Muhogo wa aina hiyo ni GMO bila ubishi.

Njia ya pili, ya kunyunyiza, haigusi vinasaba vya mmea. Pingili za mmea ulionyunyizwa hazirithi kitu. Kwa hiyo inapaswa kupimwa kama kiuatilifu, na kwa Tanzania milango yake ni TPHPA. Ni muhimu mamlaka zetu zijiandae mapema kwa maswali ya kuuliza: kipande kina herufi gani, kimelinganishwa na viumbe gani, na kimejaribiwa kwenye virusi vya wapi?

Aidha, isidhaniwe kuwa wadudu watakaa kimya. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walichapisha kuwa, baada ya raundi tisa za kuwachagua maabara mbawakawa wa viazi waliosalimika na RNA, walipata kizazi chenye usugu wa zaidi ya mara 11,000. Funzo ni lile lile la viuatilifu vya zamani: dawa moja ikitegemewa peke yake msimu hadi msimu, huisha nguvu.

Tufanye nini sasa?

Mkulima asisubiri chupa ya RNA. Silaha iliyo mkononi leo ni pingili safi za aina zinazovumilia ugonjwa, kama Kiroba, zikinunuliwa kwa mzalishaji aliyekaguliwa. Ang'oe mashina yenye dalili mapema, na asichukue pingili kwenye shamba ambalo mizizi yake hajaipasua akaiona. Majani mazuri yamewadanganya wengi.

Mwenye duka la pembejeo naye awe macho. Teknolojia mpya huvuta matapeli, na haitashangaza siku moja akaja mtu na chupa iliyoandikwa RNA ya kutibu muhogo. Aulize namba ya usajili ya TPHPA, zao na mdudu au ugonjwa ulioandikishwa. Dawa ya mbawakawa wa viazi haina kazi kwenye muhogo, kwa sababu herufi hazilingani. Hilo ndilo jambo jipya katika dawa hizi: haziui kila kitu, zinaua kile tu kilichosomwa.

Viongozi wa vyama vya ushirika na wabunge wa maeneo ya muhogo wanayo hoja ya kupeleka mbele wakati wa bajeti. Virusi vyetu visomwe kila msimu, hapa hapa, na orodha za herufi zake zibaki kuwa mali ya umma. Siku kampuni ikija kutafuta mahali pa kupiga, ikute majani ya Mkuranga, Mtwara na Mara yamekwishasomwa. Isipokuta hivyo, dawa itaendelea kuwafuata mbawakawa wa wenye fedha, na sisi tutaendelea kupasua mizizi kwa wasiwasi.